Figo ya mbuzi, chokaa na kuku wa uani: jinsi ya kumfundisha mtoto namna mwili unavyotoa taka

Binti wa kaka yangu yuko Senior ya Pili, yaani kidato cha pili, hapa Busia, Uganda. Muhula uliopita alirudi na daftari lenye alama nyekundu ya kosa kwenye jibu moja. Swali lilitaka mfano wa takamwili, yeye akaandika "kinyesi". Akapata sifuri, wala hakuandikiwa sababu. Alinifuata jikoni akaniuliza, "Shangazi, kama kinyesi si taka, taka ni nini sasa?"

Nimetunza maabara ya shule kwa miaka 19. Nimeosha mirija, nimepasua panya, nimewashika watoto mkono mbele ya hadubini moja wanayoigombania 60. Lakini swali hili lilinigusa pengine. Baba yake huyu binti alisafishwa damu kwa mashine miaka miwili kabla hatujamzika. Sikutaka ajifunze kazi ya figo kwa kukariri. Tukatenga Jumamosi moja, mimi na yeye, na ninayoandika hapa ndiyo tuliyoyafanya. Maabara haihitajiki.

Anza na hindi, si figo

Ijumaa jioni mpe mtoto mahindi ya kuchemsha, mwambie punje chache azimeze bila kutafuna sana. Kesho yake au keshokutwa ataona maganda yale yale yametoka yalivyoingia. Hilo ndilo somo la kwanza. Ganda lile lilipita kooni, tumboni, kwenye utumbo, likatoka nje, na njia nzima halikuingia ndani ya seli hata moja. Utumbo ni kama ushoroba unaopita katikati ya nyumba: mtu anaweza kuingia mlango wa mbele akatokea wa nyuma bila kukanyaga chumba chochote. Aliyepita hivyo si mwenye nyumba.

Takamwili ni mabaki ambayo seli zenyewe zimeyatengeneza zikiwa kazini. Seli ikiunguza sukari ipate nguvu, inabakiwa na hewa ya ukaa na maji. Ikivunjavunja protini ya maharage au ya mukene, wale dagaa wetu, kile kipande chenye naitrojeni hakina pa kuwekwa, kinageuka amonia, na amonia ni sumu. Mwili hauwezi kuilimbikiza amonia kama unavyolimbikiza mafuta. Lazima itoke.

Kwa hiyo mwalimu alikuwa na haki, ingawa si yote. Kinyesi kina kitu kimoja ambacho kweli ni takamwili. Usimwambie mtoto bado, tutakifikia mwishoni.

Vya kutafuta

Figo mbili za mbuzi. Ongea na mwenye bucha siku moja kabla, kwa maana ukifika asubuhi tu utakuta amekwisha kuzichana na kuzitundika pamoja na maini. Mwambie unataka figo nzima, mafuta yake yasibanduliwe, na mrija unaotoka katikati uachwe mrefu kama kidole. Akiwa na kifuko cha nyongo, kichukue pia, akifunge kwa uzi. Mimi alinipa vyote kwa shilingi 5,000. Akiwa amechinja ng'ombe, omba uione hata kama huinunui: figo ya ng'ombe imegawanyika vifundo vifundo kama kichana cha ndizi fupi, ya mbuzi ni laini kama haragwe.

Chokaa iliyozimwa, nusu kilo, kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Hapa sikiliza vizuri. Mara yangu ya kwanza nilinunua unga mweupe ulioandikwa chokaa, nikaandaa kila kitu mbele ya darasa, watoto wakapuliza mpaka wakaona kizunguzungu, maji hayakubadilika. Ulikuwa ni unga wa chaki. Chaki haiyeyuki na haifanyi kazi hii. Ipime hivi: tia chokaa kidogo kwenye maji ya rosela yaliyopoa. Chokaa ya kweli huyageuza wekundu wake kuwa kijani au buluu iliyofifia mara moja. Na usinunue chokaa ya mawe ambayo haijazimwa. Ile ikikutana na maji hutokota na kuunguza.

Mengine yako nyumbani: kisu kikali, sahani nyeupe, chupa mbili angavu, njiti za ufagio, pampu ya baiskeli, na bua la jani la mpapai. Bua lioshe mpaka utomvu wote utoke.

Pumzi

Usiku wa Ijumaa tia vijiko viwili vya chokaa katika lita moja ya maji safi, tikisa, funga, acha. Asubuhi tope limelala chini na maji ya juu ni angavu. Yamimine polepole kwenye chupa mbili bila kuliamsha tope. Mtoto asiyaguse macho yake baada ya kushika chupa, na mwambie mara tatu: kupuliza, si kufyonza.

Chupa ya kwanza apulizie pumzi yake kwa bua la mpapai. Dakika haiishi, maji yanageuka kama maziwa yaliyotiwa maji. Chupa ya pili sukumia hewa ya kawaida kwa pampu. Utasukuma mpaka mkono uchoke na maji bado ni angavu. Usiiache chupa hii ya pili, kwa sababu bila yake mtoto hajathibitisha kitu. Ameona maji meupe tu. Hewa tunayovuta ina hewa ya ukaa kiasi cha asilimia 0.04, tunayotoa ina karibu asilimia 4. Ni mara mia. Hiyo mara mia imetoka kwenye misuli ya miguu yake, ubongo wake, ngozi ya kisigino chake, ikabebwa na damu hadi mapafuni.

Binti yetu hakutaka kuacha. Aliendelea kupuliza, na maji yakaanza kurudi kuwa angavu. Ukiliona hilo usidhani umekosea. Weupe ule ni chaki iliyojitengeneza humo chupani, na hewa ya ukaa ikizidi huigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka.

Kuku, samaki na nsenene

Sasa amonia. Toka naye uani, muinamie kinyesi kibichi cha kuku. Kuna sehemu ya kahawia au kijani, na juu yake kuna kofia nyeupe. Mtu akimwambia kuku hakojoi, aonyeshe ile kofia. Ule weupe ndio mkojo wake: asidi ya yuriki, ambayo karibu haiyeyuki kabisa, kwa hiyo haihitaji maji mengi kuitoa. Vifaranga wakianguliwa, okota ganda la yai utazame ndani kwenye utando. Mara nyingi utakuta mabaki meupe yamegandamana. Kifaranga amefungiwa siku 21 na taka yake mwenyewe. Ingekuwa amonia angekufa kabla ya kupata manyoya.

Samaki hana haja ya ubahili huo. Sato wa Majanji ana ziwa zima la Viktoria la kumsuuza, kwa hiyo amonia humtoka hivi hivi kupitia mashavuni, sumu ikazimuliwa na maji papo hapo. Viumbe wa seli moja hufanya vivyo hivyo kwa ngozi yao yote. Shule yako ikiwa na hadubini, loweka nyasi kavu kwenye maji ya kinamasi siku nne au tano, chukua tone kutoka juu, weka nyuzi chache za pamba ili viumbe wasikimbie, na utafute mmoja wao anayeitwa paramesi. Ndani yake utaona kijishimo cha duara kinachojaa na kujibana, kinajaa na kujibana, kama moyo. Wengi hufundisha kwamba kile kinatoa taka. Kazi yake kubwa ni kutoa maji yanayoingia bila kualikwa, na amonia yenyewe hupenya utando ikaenda zake.

Mnyama ninayempenda kuliko wote katika somo hili ni mamba. Ninasema samaki, yule mrefu kama nyoka ambaye Waganda wengi hawamli kwa kuwa ni mwiko wa ukoo wao. Akiwa majini, mamba hutoa amonia kama samaki mwingine. Kinamasi kikikauka anajichimbia topeni, anajifunika kwa ute unaokauka kama karatasi, anapumua hewa, na kuanzia hapo hana maji ya kumsuuza. Basi anabadilisha kazi ya ini: amonia yote anaigeuza yurea, ambayo sumu yake ni ndogo sana, anaiweka mwilini miezi kadhaa, na mvua ikirudi anaimwaga. Yurea ndiyo njia yetu pia. Ini letu hufanya kila saa kile ambacho mamba hufanya wakati wa shida. Hatua za kazi hiyo zilielezwa mwaka 1932 na Hans Krebs akiwa na Kurt Henseleit huko Ujerumani.

Kama ni Novemba na mna nsenene, wale panzi wa kuliwa, mchukue mmoja mbichi kabla ya kukaanga. Mlaze kwenye kisosi chenye maji, mfungue tumbo kwa wembe. Pale utumbo wa kati unapokutana na wa nyuma kuna kichaka cha nyuzi nyembamba kuliko nywele zinazoelea. Hizo ndizo figo zake. Zinaitwa neli za Malpighi, kwa jina la Mwitaliano Marcello Malpighi aliyeishi karne ya 17.

Figo yenyewe

Hapa usiharakishe. Sisi tulikaa saa mbili.

Bandua mafuta meupe kwa vidole. Chini yake kuna utando mwembamba unaong'aa. Uchane kidogo kwa ukucha na utabanduka kama ganda la karanga iliyolowekwa. Sasa tafuta upande uliobonyea. Humo zinaingia na kutoka njia tatu, na mtoto azitofautishe kwa kugusa, si kwa kitabu. Yenye ukuta mnene inayobaki wazi hata ukiibonyeza ni ateri. Iliyolegea na kujilaza ni vena. Nyembamba, nyeupe, ngumu kidogo ni mrija wa mkojo. Mwambie aingize njiti kwenye mrija huo taratibu mpaka ikwame, aiache humo.

Laza figo kwenye sahani, mgongo uliotuna ukuelekee wewe, na ukate kwa pitio moja refu kuelekea upande uliobonyea. Usikeketue. Ifungue kama kitabu. Njiti itakuwa imetokeza kwenye kishimo cheupe katikati, na hapo mtoto ataelewa bila kuambiwa kwamba kila kitu kinaelekea pale. Ukiminya nyama ya ndani, vitone vinachuruzika kwenye kishimo. Ni mkojo.

Tabaka la nje ni jekundu la hudhurungi, lina chembechembe. La ndani lina mistari inayokutana kama miali. Mistari hiyo ni mirija. Malpighi huyo huyo wa nsenene aliandika mwaka 1666 juu ya vijipira vidogo alivyoviona kwenye tabaka la nje, na mwaka 1842 William Bowman wa Uingereza akaonyesha kwamba kila kijipira ni fundo la mishipa ya damu iliyokaa ndani ya kikombe, na kikombe kimeunganishwa na mrija. Kikombe pamoja na mrija wake huitwa nefroni. Kila figo ya binadamu ina nefroni kama milioni moja.

Kosa ninaloliona kila mwaka kwenye mitihani ni hili: watoto huandika kwamba figo huchuja taka na kuacha vizuri. Sivyo inavyofanya. Mwambie akalete kikapu cha sokoni kilichojaa, amwage kila kitu mkekani, kisha arudishe kikapuni anavyovitaka. Vilivyobaki mkekani ndivyo taka. Kikombe cha Bowman humwaga karibu kila kitu kidogo kilichomo kwenye maji ya damu: sukari, chumvi, yurea, maji. Chembe za damu na protini kubwa tu ndizo zinazozuiwa. Halafu ule mrija mrefu unafanya kazi ya kurudisha. Sukari yote inarudi. Maji yanarudi kwa kiasi mwili unachohitaji siku hiyo. Yurea nyingi inaachwa iende.

Kiasi chake kionyeshe kwa jerikeni. Figo zetu mbili humwaga kiasi cha lita 180 kwa siku. Panga jerikeni 9 za lita 20 ukutani. Mtoto anayechota maji anajua uzito wake vizuri kuliko mimi na wewe. Kisha weka chupa moja ya lita na nusu mbele yake. Hiyo chupa ndiyo mkojo wa siku. Jerikeni 9 kasoro chupa hiyo zimerudishwa kwenye damu. Binti yetu alizitazama akanyamaza, kisha akauliza, "Na mashine ya baba ilikuwa inarudisha ngapi?"

Nilimjibu kwa kuwa nilikuwa nimemuuliza muuguzi swali hilo hilo. Mashine hairudishi. Damu hupita upande mmoja wa utando mwembamba, na upande wa pili hupita maji yaliyotiwa chumvi kwa kipimo kile kile kinachotakiwa kwenye damu. Yurea imejaa upande wa damu, upande wa pili haipo, basi inavuka. Chumvi iliyo sawa pande zote mbili haina sababu ya kuhama. Willem Kolff alitengeneza mashine ya namna hiyo Uholanzi mwaka 1943, wakati wa vita, kwa kutumia selofani, kile kiwambo cha kufungia soseji. Kaka yangu alilazwa kwenye yake kwa muda wa saa 4, mara mbili kwa wiki, kwa sababu mara ya tatu hatukuweza kuilipia. Zile jerikeni zinabebwa na figo usiku na mchana bila kupumzika.

Alikuwa dereva wa lori. Presha yake haikupimwa kwa miaka. Presha ya muda mrefu, na kisukari vilevile, huharibu yale mafundo ya mishipa mpaka yanaanza kuachia protini ipite, na protini hutoa povu kwenye mkojo kama povu la sabuni, povu lisilotulia. Aliliona miezi mingi na tulidhani ni choo kina sabuni. Ukiona povu la namna hiyo kila siku, nenda kituo cha afya wapime mkojo kwa kijiti na presha kwa mashine. Ni vipimo vya dakika chache. Na dawa za maumivu za kununua kiholela, diklofenaki hasa, usizigeuze chakula cha kila siku.

Mimea, kwa ufupi

Mimea haina figo wala haihitaji. Haili protini ya kupita kiasi, na hewa yake ya ukaa mchana inaitumia tena. Nyingi ya taka zake inazifungia mahali: kwenye majani yatakayodondoka, kwenye magome, kwenye utomvu. Mtoto akimenya mayuni (majimbi) mabichi mikono ikamwasha, amekutana na sindano ndogo sana za kalsiamu oksaleti zilizohifadhiwa humo. Ndiyo maana hupikwa yakaiva sana.

Rangi

Imebaki ile nyongo. Itumbue kwenye sahani nyeupe, mkono uwe na mfuko, maana uchungu wake hautoki haraka. Rangi ni kijani inayoelekea manjano. Imetoka wapi?

Seli zenyewe zina fagio la ndani. Ndani ya karibu kila moja kuna vifuko vinavyoitwa laisosomu, vilivyogunduliwa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1955, vyenye vimeng'enya vya kuvunja sehemu zilizochakaa ili vipande vitumike upya. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuonyesha namna seli inavyozifunga sehemu zake kuukuu na kuzipeleka kuvunjwa. Seli nyekundu ya damu haina hata laisosomu za kujisaidia. Inaishi siku 120 hivi, kisha humezwa na seli nyingine kwenye wengu na ini, na laisosomu za hizo ndizo huivunja. Chuma kinatunzwa. Kile kipande chenye rangi hakitunzwi: kinageuka kuwa bilirubini ya manjano, ini linaitia kwenye nyongo, nyongo inamwagwa utumboni, na bakteria waliomo wanaifanya kahawia. Ini likishindwa kuitoa, ndipo macho ya mtu yanapogeuka manjano na choo chake kinaweza kupauka kama udongo wa mfinyanzi.

Tulipofika hapo jua lilikuwa limeshuka. Nilizisuuza figo kwa maji ya ndimu nikaziweka jikoni na vitunguu, yeye akaenda kukaa kizingitini na daftari lake. Alifuta jibu la zamani akaandika upya, na alinisomea kabla hajalifunga: "Maganda ya mahindi kwenye kinyesi si takamwili kwa sababu hayakuwahi kuwa mimi. Lakini rangi ya kinyesi ni takamwili kwa sababu ilikuwa damu yangu."